Kamba Haikuja

Wewe uliyetengewa kikombe, haya ni yako. Wengine wasome wakitaka, lakini sikuwaandikia wao.

Mimi nilipougua kifua kikuu niliambiwa meza dawa, kula vizuri, usiteme ovyo. Sawa, yote ni kweli, yafuate. Ila hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kupona kifua na bado akawa na hasira, na kwamba hasira hiyo haina sindano. Dawa nilimeza miezi minane. Hasira niliianza mwezi wa nne, na mpaka leo naitumia.

Jina langu Saidi, lakini hapa Mitole naitwa Fundi. Ni seremala. Natengeneza milango, vitanda, madawati ya shule, na mbao za makaburini. Kwa asiyejua, Mwislamu akizikwa, ndani ya kaburi huchimbwa kijishimo cha pembeni kiitwacho mwanandani. Maiti hulazwa humo, kisha hufunikwa kwa vipande vya mbao vilivyopangwa mshazari, ndipo udongo ushuke. Kwetu akifa mtu, kabla hata sanda haijakatwa, hutumwa mtu kwangu na kamba. Kamba hiyo imepimwa kwa maiti, utosini hadi nyayoni, ikapigwa fundo. Nikiiona tu najua nikate vipande vingapi. Kazi hiyo naifanya bure, kwa kila mtu, tangu nilipoanza kushika msumeno.

Na mimi siswali. Nalisema mapema usije ukalikuta mbele ukadhani nilikuficha. Nilisoma chuo cha Kurani kama wenzangu, nikahitimu, nikapikiwa pilau. Nilipofika miaka thelathini hivi nikaona kwamba nasujudu lakini hakuna ninayezungumza naye. Nikaacha. Sikugombana na mtu wala sikutukana dini ya mtu. Ramadhani nilikula ndani, mlango nimeurudisha. Mpaka leo nikishtuka nasema wallahi, ulimi haujapata habari. Watu walijua, wakanitania: "Fundi dini yake randa." Nami nawajibu randa haijawahi kunidanganya, tunacheka, tunakunywa kahawa. Tuliishi hivyo miaka kumi na ushei, na kamba zilikuja kama kawaida.

Kisha zikaja siku za ruksa, serikali ilipofungua biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na kiberiti tu yakajaa sabuni, mitumba ikamwagwa mpaka kijijini, na pamoja na mitumba zikaja kanda za mihadhara. Shaweji akanunua redio kaseti. Shaweji ni shemeji yangu, amemuoa mdogo wangu Zuhura, na ndiye imamu wa msikiti wetu. Mwanzo alisikiliza chumbani. Baadaye akaitoa redio barazani. Waliokuwa wakifoka ndani ya kanda zile hawakutujua, na waliowafokea hatukuwajua, lakini Shaweji akaanza kuzungumza kama wao. Akaacha kuniita shemeji mbele za watu.

Basi ndipo nikaanza kukohoa. Mikorosho ilikuwa imechanua. Nikasema ni vumbi la mkongo, maana ubao ule vumbi lake lina ukali. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Nikawa naamka shuka limelowa. Suruali zikanivuka, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, kisha la pili, kisha la tatu. Siku nilipotema damu juu ya ubao niliotoka kuupiga randa, nikaikwangua damu kwanza, ndipo nikakaa chini. Akili ya fundi hiyo. Usinicheke.

Nilikwenda hospitali ya wilaya kwa lori la mkaa. Nilingoja barazani siku tatu: moja ya kutoa makohozi, moja ya kuyatoa tena, na moja ya kuambiwa. Benchi la kungojea lilikuwa na mguu uliolegea, kila mtu akikohoa linatikisika, na kila likitikisika mwenzake naye anakohoa. Siku ya tatu nikaomba nyundo, nikaukaza. Nesi mkuu wa pale, mama mnene asiyependa mzaha, akaja akasimama mbele yangu.

"Wewe ni mgonjwa au fundi?"

"Vyote, mama."

"Basi utapona. Wanaokaa mikono mapajani ndio wanaonitisha."

Nililazwa miezi miwili. Sindano sitini, tako la kulia leo, la kushoto kesho. Kufika ya thelathini nilikuwa nakaa upandeupande kama mwanamke aliyepakiwa baiskeli. Na vidonge kila asubuhi, nesi kasimama mbele yako mpaka ufungue kinywa aone umemeza. Siku ya pili mkojo ukatoka mwekundu. Nikadhani ndiyo naondoka, nikaanza kuagana na mtu wa kitanda cha jirani. Kumbe ni rangi ya dawa tu. Nakwambia wewe mapema, usije ukaaga watu bure. Masikio nayo yakaanza kulia nyenje, na la kushoto halikurudi sawasawa. Shaweji analijua hilo. Akitaka kusema jambo ambalo najua nitalipinga, hukaa upande wa kushoto.

Huyo wa kitanda cha jirani aliitwa Lukas, Mmakonde, Mkristo, mkulima wa upande wa Lindi. Jioni ya kwanza aliniuliza, "Ndugu, mimi kabla sijalala huomba. Nikutaje, au nikuache?"

"Mimi siamini."

"Sikukuuliza hilo."

"Basi nitaje. Lakini taratibu, kichwa kinauma."

Akanitaja kila jioni mpaka aliporuhusiwa, na hakuwahi kuniuliza zaidi. Natamani kila mwenye dini angepita kwanza kwa Lukas akaonyeshwa.

Nilirudi nyumbani korosho zimekwisha kuokotwa. Nesi alinieleza wazi kwamba sasa siambukizi tena, imebaki kumeza vidonge miezi sita, kila mwezi nifuate vingine. Nikafikia kwa Zuhura, kwa sababu kwangu hapakuwa na mpishi. Mke wangu tuliachana zamani. Zuhura akanipa chai. Kwenye mkono wa kikombe palifungwa uzi mwekundu. Nikauangalia ule uzi, na yeye akaangalia chini.

"Kaka, si mimi."

Nilijua si yeye. Siku ya Ijumaa nikajua zaidi. Karakana yangu iko karibu na msikiti, na kipaza sauti nacho kilikuwa kimekuja na ruksa. Shaweji alisema mimbarini, sikio langu la kulia likasikia, kwamba mtu akimwacha Mungu, Mungu naye humwacha na kifua chake. Jina hakulitaja. Vifua vilivyojulikana kijijini vilikuwa kimoja. Jioni yake nilipokwenda kwenye kahawa, wenzangu wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli.

Nikahamia kwa mama. Mama yangu alikuwa hakosi swala hata moja, tasbihi haimtoki mkononi. Nikasimama mlangoni na kifurushi changu cha dawa na kile kikombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu lete hicho kikombe."

Akakigeuza, akauona uzi, akaukata kwa meno yake mawili yaliyobaki. Akamimina uji humo, akanywa yeye funda la kwanza, ndipo akanipa. Nikamwambia, "Mama, watu wanasema Mungu amenipiga." Akasema, "Wewe na Mungu mtajuana wenyewe. Kunywa, uji unapoa." Halafu akanilazimisha nilale kwenye kitanda chake, yeye akatandika mkeka. Kitanda hicho nilimtengenezea mimi, kitanda cha mninga, chaga tisa, zile mbao za kulalia, kila chaga nimeipiga msasa mpaka inateleza. Nililala hapo wiki nzima mpaka nguvu ziliponirudia, kisha nikamrudishia kitanda chake na mimi nikashika mkeka.

Mwezi wa nne wa dawa, mvua zimeanza, mama aliteleza uani akitoka kutawadha. Akaugua siku tatu, Zuhura na Shaweji wakamwuguza kwa zamu nami. Siku ya tatu asubuhi akafariki.

Nikamwachia Zuhura chumba na wanawake wake wa kuosha, nikaenda karakanani. Nikanoa msumeno. Nikachagua ubao mzuri kuliko wote niliokuwa nao, nikaulaza kwenye meza. Nikakaa nikangoja kamba. Urefu wa mama nilikuwa naujua, ningeweza kukata bila kamba, lakini kamba ndiyo desturi. Kamba ndiyo kuambiwa kwamba na wewe ni mtu wa msiba huu. Watu wakapita wameinamisha vichwa. Jua likapanda. Nikasema labda wamechelewa kupima. Nikanoa tena msumeno ambao ulikuwa hauhitaji kunolewa. Halafu nikasikia sauti za watu wakilisindikiza jeneza kuelekea makaburini.

Kamba haikuja.

Nilikimbia, na kifua kile cha mgonjwa, nikafika pumzi hakuna. Pale makaburi yanapoanzia Shaweji akageuka, akainua mkono.

"Saidi, mwisho wako hapa."

"Niache nimpokee mama yangu."

"Asiyeswali hashuki kwenye kaburi la Mwislamu. Na kifua hicho, unataka kuua wangapi leo?"

"Mbao zangu zimeshuka mara ngapi humo, Shaweji? Mbao zangu zinaswali?"

Akawafuata waliobeba jeneza. Wanaume wawili wa kwenye kahawa wakasimama mbele yangu. Hawakunisukuma. Mmoja alisema, "Pole, Fundi, ndugu yangu," na machozi yalimlenga, lakini hakusogea. Nikaona migongo. Mama yangu alizikwa na mimi naangalia migongo ya watu.

Niliporudi nyumbani kwake, kitanda hakipo. Sakafuni kulikuwa na alama nne za miguu yake tu. Nikamwuliza Zuhura kitanda kiko wapi. Akaweka khanga mdomoni, akasema, "Kimetolewa, kaka." Nyuma ya nyumba kulikuwa na majivu mengi. Sikuhitaji mkalimani. Nilikuwa nimekilalia, kwa hiyo wamekichoma.

Wengine wakiandika habari za ugonjwa wao, wakifika hapa husema walimshukuru Mungu, wakasamehe. Mimi niliapa. Niliapa kwa msumeno, maana sikuwa na kingine, kwamba nitapona, na nikipona nitaishi, na nitaishi mpaka nimzike Shaweji kwa mikono yangu. Nitashuka mimi, nitamlaza mimi, nitamfunika mimi, na asiwepo wa kunizuia.

Ilikuwa imebaki miezi minne ya vidonge. Ni vikubwa, vichungu, vinarudi kooni. Wenzangu wengi huacha hapo, kwa kuwa kikohozi kimekwisha na mtu anajiona mzima. Usiache, tafadhali. Asubuhi nikisikia kichefuchefu nilikuwa namtaja Shaweji, vidonge vinashuka. Wewe tafuta wa kumtaja, awe mtoto, awe mchumba, awe adui, ilimradi vishuke.

Siku moja nilimkuta Zuhura ameanika kanzu ya mumewe. Nikachukua kamba, nikaipima pale pale kwenye waya, kuanzia kola hadi pindo, nikaongeza kichwa na nyayo, nikapiga fundo. Zuhura akatoka na beseni.

"Kaka, unafanya nini na kanzu ya mume wangu?"

"Napima."

"Unapima nini?"

Nikamwonyesha fundo, naye si mtoto. Beseni lilimtoka. Nikaenda nikakata mbao, za mninga, wala sikumfanyia ubahili. Nikazipiga randa, nikazipaka mafuta zisiliwe na mchwa, nikaziegemeza ukutani nje ya karakana, zikitazama njia ya msikitini. Shaweji alizipita mara tano kila siku. Watu wakauliza, "Fundi, kafa nani?" Nikawajibu, "Bado."

Nilimaliza dawa. Makohozi yakapimwa, safi. Mkanda ukarudi tundu kwa tundu. Kidogo kidogo wa kwenye kahawa wakaanza kusogea, na kamba nazo zikaanza kuja tena, moja, mbili, kwa kujificha kidogo. Nikakata. Sikumnyima maiti yeyote, maiti hakunikosea. Lakini mbao za Shaweji hazikuondoka pale ukutani, na kila mwanzo wa mvua nilizipaka mafuta upya.

Mwaka wa pili, mikorosho imechanua tena, Ijumaa moja nikasikia kipaza sauti kikikohoa.

Kikohozi kile nakijua kama ninavyojua ubao uliooza ukigongwa. Shaweji akawaambia watu ni vumbi la majamvi. Ijumaa ile ya kwanza nilifurahi, sikufichi, nilipiga randa naimba. Ijumaa ya pili hotuba ilikatika mara nne, nikafurahi. Ya tatu nilimwona akipita, kola ya kanzu imezunguka shingo kama pete kwenye kidole cha mtoto. Akazitazama mbao, akanitazama. Nilijua kinachomuua, nilijua dawa iko wapi, na nilikuwa mtu pekee kijijini niliyejua vyote viwili. Nikarudi kwenye kazi yangu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakuna aliyewahi kufungwa kwa ajili yake.

Siku ya pili yake akaja Zuhura. Hakuniamkia. Alikaa juu ya rundo la vumbi la mbao akasema, "Kaka, leo mimi nimefunga uzi kwenye kikombe cha mume wangu. Kwa mkono wangu mwenyewe." Akalia kwa kwikwi. "Na wanangu watatu wanalala chumba kile kile."

Niliweka randa chini. Nikamkuta Shaweji barazani kwake, redio imezimwa.

"Shemeji," nikamwita. Hatukuwa tumeitana hivyo mwaka na nusu. "Una kifua kikuu."

"Ni vumbi."

"Hata mimi nilisema vumbi."

Akakohoa ngumini. Kisha akasema polepole, "Watu wakijua, nitawaambia nini? Si nilisema mimi, mimbarini?"

"Ulisema. Nilisikia."

"Umekuja kunicheka."

"Kucheka nimeshacheka wiki tatu. Nimekuja kukupeleka hospitali."

"Kwa nini? Mbao zangu si ziko tayari?"

"Ziko tayari. Lakini ukifa sasa utakufa imamu mwema, watakulilia kijiji kizima, na mimi nitabaki namchukia nani? Kaburi? Nataka upone, Shaweji. Nataka kila ukipita unione."

Wallahi nilisema hivyo hivyo. Akaingia ndani kuchukua viatu.

Nilimpakia kwenye baiskeli. Njia nzima kichwa chake kilikuwa kimeegemea mgongoni kwangu, na kila akikohoa nasikia mbavu zake. Hospitalini, barazani, tukakaa kwenye benchi lile lile. Mguu nilioukaza ulikuwa haujalegea. Nesi mkuu akanijua.

"Fundi! Umerudi?"

"Nimeleta mgonjwa, mama."

"Ndugu yako?"

"Shemeji yangu," nikasema.

Watoto wa Zuhura wakapimwa, wakakutwa salama, nami nikarudi nyumbani nikidhani nimemaliza. Mwezi wake wa pili wa sindano ukaingia na Ramadhani. Nesi akanitumia salamu na dereva wa lori: njoo, mtu wako hamezi.

Nilimkuta amekaa kitandani, midomo imekauka. Vidonge viko kwenye kifuniko cha chupa, havijaguswa.

"Nitameza jua likizama," akasema.

"Hapa dawa zinagawiwa asubuhi, mbele ya nesi. Tangu mwezi uandame umekosa siku ngapi?"

"Sita."

"Na ruhusa ya mgonjwa na msafiri kutofunga, uliisahau? Mimi naikumbuka. Chuo tulisoma kimoja, fimbo tulichapwa pamoja."

"Wewe leo unanifundisha dini?"

"Nakukumbusha tu."

"Huiamini."

"Unaiamini wewe. Basi itumie."

Akafunika uso kwa viganja. Nikaona mabega yanatikisika, nami sikumwambia pole. Kisha akachukua vidonge, akataja jina la Mungu wake, akameza. Uji wake ulikuwa mezani umeganda. Aliona aibu kuunywa mchana wa Ramadhani, wagonjwa wengine wakimwangalia, wanamjua ni maalim.

"Sogea huku ukutani," nikamwambia. "Nitarudisha mlango, nikae hapa nikukinge. Ukianza kunywa usitazame dirishani, na bakuli liweke chini, si juu. Mimi kazi hii nina uzoefu nayo."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kabla ya redio. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaisha, akanywa uji wote. Nikarudi Mitole jioni ile nimekasirika, kwa sababu nilikuwa nimecheka pamoja naye.

Aliporuhusiwa, vidonge vyake akavimalizia nyumbani, kila mwezi akivifuata kama mimi. Alimaliza masika yanakatika. Siku alipomeza cha mwisho akaja karakanani. Akasimama mbele ya zile mbao, akazipapasa.

"Hizi zangu."

"Zako."

Akaingia ndani, akatafuta pa kukaa. Akakaa upande wangu wa kulia. Nikalitambua hilo, nikaacha kupiga randa.

"Kitanda cha marehemu hakikuchomwa," akasema.

Nikaokota patasi.

"Siku ile ya pili ya ugonjwa wake, wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji. Mama alinishika mkono. Akaniambia, mkwe wangu, mnifunike kwa mbao za mwanangu. Nikamwitikia ndiyo. Alipokufa wazee wakasema kamba isije kwako. Ningewapinga vipi, na maneno yenyewe niliyaanzisha mimi? Nikafunga mlango, nikavunja kitanda. Nikatoa chaga zote tisa, nikazifunga kwenye mkeka, hakuna aliyejua zimetoka wapi. Yale majivu yalikuwa ya jiko la msiba. Nikashuka mimi. Nikamlaza, nikamwekea udongo chini ya shavu. Nikampangia mbao zako, moja moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Kumfukuza mtu kaburini na huku nimeshika mbao zake."

Nilikuwa na patasi mkononi. Nilitamani kumchoma nayo, na nilitamani kumshika miguu, na nikabaki nimekaa. Kilichonitoka mdomoni kilikuwa swali la fundi. "Zilitosha?"

"Zilitosha. Alikuwa mfupi. Ya mwisho ilibana kidogo kichwani, nikaisukuma kwa goti."

"Hiyo niliikata ndefu kwa makusudi. Isilegee akigeuka usingizini."

Hapo nililia. Nililia kama sikulia siku ya msiba, kwa sababu siku ya msiba nilikuwa na migongo ya watu ya kuitazama. Shaweji akasema, "Nisamehe, shemeji."

"Hapana."

"Sawa," akasema, wala hakuondoka. Baadaye akaongeza kwamba matendegu ya kitanda na mifumbati yake, yaani miguu na mbao za ubavuni, viko stoo kwake, chini ya magunia, hakuvitupa.

Nikamwambia avilete. Nikakiunga kitanda cha mama upya. Kilikosa chaga, kwa hiyo nikazitoa zile mbao za mninga ukutani, nikazipunguza ncha, nikazipigilia. Kikawa kitanda cha Shaweji na Zuhura. Masharti nikamwekea: kila siku atalala juu ya mbao zake, na siku yake ikifika zitatolewa hapo hapo, na atakayeshuka kuzipanga ni mimi.

"Na maneno yanayosemwa pale chini, maiti akilazwa?" akauliza. "Utayasema?"

"Siwezi kusema nisichokiamini. Watasema wao huko juu. Mimi nitapanga mbao."

Akafikiri. "Yatosha." Na Ijumaa iliyofuata, kwenye kipaza sauti kile kile, akautangaza wosia wake, na kamba, akasema, ipelekwe kwa shemeji yangu Saidi, asiyeswali. Nikasikia kunong'ona msikiti mzima.

Mimi bado siswali na yeye bado anaswalisha. Wewe uliyetengewa kikombe, usiniulize kama nimesamehe. Maliza dawa zako. Juzi Zuhura alikuja akaniambia, "Kaka, mume wangu analalamika kitanda kigumu, usingizi haupati, kila akigeuka anakukumbuka."

"Mwambie avumilie," nikasema. "Mimi mbona namvumilia."